PAMPU YA PETROLI: PIMA KWANZA, NDIPO UNUNUE

(Maneno ya mazungumzo yaliyofanywa mbele ya madereva na makanika, Soko la Burma, Nairobi)



Tumeombwa tuzungumze leo juu ya kitu kidogo. Kitu chenyewe chaenea katika kiganja cha mkono, hufungwa kwa nati mbili, na wako madereva walioendesha miaka kumi bila kukiona kwa macho. Kitu hicho ni pampu ya petroli ya gari la zamani. Tumeona yafaa tukizungumze kwa sababu kinaleta ugomvi kati ya dereva na makanika, tena kati yao wawili na tajiri wa gari. Na mara nyingi mwisho wa ugomvi huo ni mshahara wa mfanyakazi kukatwa.

Twazungumza hapa Burma kwa kuwa kazi ya soko hili huenda kwa magurudumu. Nyama hutoka machinjioni, kama kule Dagoretti, mapema asubuhi, na katika magari yanayofanya kazi za mitaa hii zimo pikapu kuukuu zenye kabureta: Peugeot, Datsun, Toyota. Gari likizima njiani, nyama haingoji, wala mnunuzi hangoji.

Tena jina la Burma lenyewe linatukumbusha ufundi huu. Katika Vita vya Pili askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, na mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katika mvua na matope. Vijana wengi wa nchi zetu walijifunza udereva na umakanika katika jeshi wakati wa vita ile, wakarudi nao nyumbani. Baada ya vita madereva na makanika wa Nairobi walikuwa katika chama kimoja, na Fred Kubai alikuwa kiongozi wao. Alipokamatwa pamoja na Makhan Singh tarehe 15 Mei 1950, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Twayataja haya ili tukumbuke kwamba dereva na makanika ni watu wa nyumba moja. Si vizuri wagombanishwe na pampu.

MFANO MMOJA

Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja, bila kutaja jina la mtu wala la gereji. Pikapu yake ilikuwa ikienda vizuri mjini, lakini ikianza kupanda Valley Road inakohoa, kisha inazima. Akingoja robo saa, inawaka tena. Akaambiwa ni kabureta, ikanunuliwa kabureta. Gari likazima. Akaambiwa ni koili, ikanunuliwa koili. Gari likazima. Mara ya tatu ikanunuliwa pampu mpya, na gari likazima vile vile. Mara ya nne fundi mmoja alilala chini ya gari na taa yake, akaona kipande cha mpira kati ya tangi na pampu kimepasuka nyufa ndogo. Petroli haikuvuja hata tone, bali pampu ilikuwa ikivuta hewa. Mpira ule ulikuwa wa bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Lakini tajiri alikuwa amekwisha kulipa vitu vitatu, na alitaka fedha zake kutoka mshahara wa dereva, kwa madai kwamba yeye ndiye aliyeharibu gari.

Ndugu, pampu ile ya zamani haikuwa na kosa. Lakini iko pampu nyingine ambayo kweli imekufa, na asiyeijua huendelea kuiendesha mpaka inaua injini nzima. Tutazitofautishaje? Hakuna njia ila kupima.

PAMPU HUFANYAJE KAZI

Pampu ya magari haya kwa kawaida haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mna kiwambo cha mpira, kama ngozi ya ngoma. Kemshafti ikizunguka husukuma mkono wa pampu. Mkono huvuta kiwambo, na petroli huja kutoka tangini. Mkono ukiachia, springi hurudisha kiwambo mahali pake na kuisukuma petroli mbele mpaka kwenye kabureta. Valvu mbili ndogo, moja ya kuingizia na moja ya kutolea, huizuia petroli isirudi ilikotoka. Kila krenki inapozunguka mara mbili, pampu hupiga pigo moja.

Nguvu yake ni ndogo. Pampu nyingi za namna hii hutoa ratili 3 hadi 5 kwa inchi ya mraba, hali tairi la pikapu hujazwa ratili 30 na zaidi. Kwa sababu nguvu ni ndogo, kasoro ndogo hutosha kuishinda: uchafu kidogo katika valvu, springi iliyolegea, mkono uliolika, au kiwambo kilichotoboka.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni gari kwenda vizuri polepole, lakini likipanda mlima au likibeba mzigo hupungukiwa nguvu na kukohoa. Maana yake petroli inayofika haitoshi.

Dalili ya pili ni stata kuzungusha injini muda mrefu asubuhi kabla ya kuwaka. Huenda valvu haishiki, na petroli imerudi tangini usiku.

Dalili ya tatu ni petroli kutoka katika tundu dogo lililo chini ya mwili wa pampu. Petroli ikitoka hapo, kiwambo kimepasuka. Hapo hapana haja ya kubishana.

Dalili ya nne ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu haionekani kwa nje. Kiwambo kikipasuka, petroli yaweza kushuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili imepanda juu ya alama hali hukuongeza, na ukiinusa yanuka petroli, zima gari, usiliendeshe hata mpaka kona ya pili. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi kama maji; haiwezi kulinda beringi. Watu wamenunua injini nzima kwa sababu ya kiwambo cha mpira. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini angalieni: dalili si ushahidi. Kukohoa mlimani hutokana pia na chujio lililoziba, na kutu ndani ya tangi, na kifuniko cha tangi kisichopitisha hewa, na mpira uliopasuka, na hata umeme wa plagi. Liko pia jambo la mvuke. Nairobi iko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100 kama Mombasa. Petroli nayo huchemka upesi zaidi huku juu. Bomba likipita karibu na eksosi, petroli hugeuka mvuke ndani yake, na pampu haiwezi kusukuma mvuke vizuri. Gari likizima kwa joto, liache lipoe, au weka kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba. Likiwaka na kwenda vizuri, chunguza kwanza mahali bomba linapopita kabla ya kuilaumu pampu.

KABLA YA KUFUNGUA

Hapa twawaomba mtusikilize sana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini, huingia shimoni, husafiri mpaka ukute moto. Na hapa Burma moto hauko mbali: majiko ya nyama choma yamewaka, na huenda jirani yako anachomelea chuma. Tarehe 12 Septemba 2011, kule Sinai karibu na mtaa wa viwanda, petroli iliyovuja kutoka bomba kuu ilishika moto, na watu makumi kwa makumi wakafa. Ile ilikuwa petroli nyingi, lakini chupa moja inatosha kumwunguza mtu mmoja.

Basi kabla ya kufungua bomba lo lote la petroli, sukuma gari mbali na jiko na mchomeleaji. Acha injini ipoe. Usivute sigara, wala anayekushikia taa asivute. Weka ndoo ya mchanga au kizima-moto karibu. Usimwagie maji moto wa petroli, kwa maana utauelea na kuutawanya. Tena usivute petroli kwa mdomo. Ikipotea njia ikaingia mapafuni yaweza kuua. Wala usinawe mikono kwa petroli: risasi iliondolewa katika petroli ya Kenya kufikia mwaka 2006, lakini sumu nyingine zimo bado.

KUPIMA KWA UTARATIBU

Fuateni mpango huu, msiruke hatua.

Kwanza, hakikisha petroli imo. Usiamini geji ya gari kuukuu; ingiza kijiti kisafi tangini, au ongeza lita mbili. Nusa pia: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta matata ya namna hii hii.

Pili, uliza kama ni petroli au ni umeme. Toa kifuniko cha chujio la hewa, injini ikiwa imezimwa. Chungulia kabureta, kisha vuta waya wa akseleta kwa mkono. Ukiona mchirizi wa petroli unaruka ndani, petroli imefika. Katazame plagi na koili. Pakiwa pakavu, petroli haifiki, endelea.

Tatu, fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa sauti na gari likapona, ugonjwa ni kifuniko. Umepona bila kununua pampu.

Nne, tazama chujio la petroli na mipira yote, hasa ile ya nyuma kati ya tangi na pampu. Upande huo ni wa kuvuta. Ukipasuka huingiza hewa bila kuvuja, kama mwenzetu wa Valley Road alivyopatikana. Ikunje mipira kwa vidole, utaziona nyufa.

Tano, pima kutoa kwa pampu. Chomoa waya wa koili ili injini isiwake. Toa bomba kwenye kabureta, unganisha mpira mrefu, na upeleke mwisho wake katika chupa iliyo mbali na injini. Mwenzako azungushe stata kwa sekunde 10. Petroli inapasa kuruka kwa mapigo yenye nguvu, pigo baada ya pigo. Ikidondoka tu, au ikija na mapovu mengi, kuna kasoro. Mwenye geji ya kupimia nguvu aitumie, na alinganishe na kitabu cha gari lile.

Sita, na hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi: mpe pampu petroli ya karibu. Toa mpira unaotoka tangini na uuzibe. Chukua mpira mwingine mfupi, mzima, uunganishe na mahali pampu inapovutia, na mwisho wake uuingize katika kopo la petroli safi. Kopo liwe chini kuliko pampu, ili petroli isije ikateremka yenyewe. Zungusha stata tena. Kama sasa pampu inatoa kwa nguvu, pampu ni nzima, na ugonjwa uko nyuma, katika tangi, bomba, au mpira. Kama bado haitoi, pampu ndiyo mgonjwa. Katika dakika kumi umejua ukweli, na hujatumia hata senti.

KUIBADILISHA

Pampu ikionekana imekufa, zamani ilikuwa desturi kuifungua na kutia kiwambo kipya. Pampu zilizofungwa kwa skrubu zinaweza kufanywa hivyo mpaka leo, ukipata vifaa vyake. Zile zilizokunjwa ukingo kiwandani hazifunguki, nunua nyingine.

Ukienda dukani nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha urefu wa mkono, mpindo wake, matundu ya nati, na mahali petroli inapoingia na kutokea. Kisha ijaribu hapo hapo: ziba kwa kidole tundu la kuingizia na ubonyeze mkono; uvutano uwepo, na ukae kitambo. Pampu isiyovuta dukani haitavuta barabarani. Omba risiti.

Kwenye gari, toa kwanza waya hasi wa betri. Toa mpira wa kuingizia na uuzibe mara moja, kwa maana tangi likiwa juu petroli yaweza kumiminika. Weka alama: upi wa kuingia, upi wa kutoka. Zungusha krenki taratibu mpaka mkono wa pampu ulegee, ndipo ufungue nati mbili. Ziba tundu la injini kwa kitambaa kisafi, halafu safisha uso wa chuma uondoe gasketi ya zamani.

Magari mengi yana kipande kinene kati ya pampu na injini. Msikitupe. Kazi yake ni mbili: kuzuia joto la injini lisiifikie pampu, na kupima umbali wa mkono. Ukikiacha nje, mkono husukumwa kupita kiasi na kuvunjika. Ukitia kinene zaidi, mkono haufiki vizuri na petroli hupungua. Rudisha kile kile, na gasketi mpya kila upande.

Ingiza mkono wa pampu upande unaostahili wa kemshafti, kama ulivyokuwa wa zamani. Pampu ikae yenyewe. Ikikataa usiivute kwa nati, geuza krenki kidogo. Kaza nati zote mbili kwa zamu, sawasawa. Bomba la chuma lianze kwa vidole, spana baadaye, lisiharibu nyuzi. Tumia mpira uliotengenezwa kwa petroli. Mpira wa maji hulainika na kupasuka. Kama oili ilinuka petroli, ibadilishe pamoja na chujio lake kabla ya kuwasha injini. Kisha washa, acha injini iende dakika tano, na utazame kila kiungo kwa tochi, si kwa kibiriti. Zima, utazame tena.

Wengine wakikosa pampu hufunga ya umeme. Yawezekana, lakini iwe ile ya nguvu ndogo, iliyotengenezwa kwa kabureta. Pampu ya magari ya siku hizi, yasiyo na kabureta, husukuma ratili 40 hivi. Ukiifunga kwenye kabureta, petroli hushinda sindano yake na kumwagika juu ya injini ya moto. Tena pampu ya umeme iwe na fyuzi, na iwe na swichi ya kuikata injini inapozima. Bila hiyo, gari likipata ajali, pampu huendelea kumimina petroli. Na magari hayo mapya yasipimwe kwa njia tuliyoieleza leo: bomba lake lina nguvu hata injini ikiwa imezimwa.

DAFTARI NI SHAHIDI

Sasa turudi kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, fungu la 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale ambapo mfanyakazi amefanya kosa kwa kusudi, na kwa kiasi cha haki. Kiwambo cha mpira kilichochakaa kwa miaka si kosa la kusudi la mtu ye yote. Lakini dereva atawezaje kuonyesha hivyo, ikiwa gereji imetupa pampu ya zamani, na hapana karatasi?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Makanika, andika katika daftari tarehe, namba ya gari, dalili, na kila kipimo ulichofanya na jibu lake, hata kama ni mistari minne. Dereva, andika siku uliyomwambia tajiri kwamba gari linakohoa, na umpe kwa maandishi. Na ninyi wawili, wekeni kitu kilichotolewa katika mfuko chenye jina la gari, mpaka mwenye gari akione kwa macho yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara ni mali.

Na wale walioajiriwa katika gereji wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inamtaka amkatie mfanyakazi bima ya kuumia kazini. Ukiambiwa ufungue tangi karibu na moto, una haki ya kusema hapana. Ukishindwa kusema peke yako, njoo tuseme pamoja.

Fundi anayepima kabla ya kununua humwokolea tajiri fedha, humwokolea dereva mshahara, na hujijengea jina ambalo halinunuliwi dukani. Kopo la petroli, mpira mfupi na dakika kumi: hivyo tu.

Mwenye swali na aulize, na mwenye gari linalokohoa alilete hapa nje, mbali na majiko, tulipime pamoja.

Umoja ni nguvu.